Madigadi, Mvua na Mji: Safari ya Baiskeli Kutoka Kariakoo Hadi Magogoni

Waandishi wa mambo ya utamaduni wa taifa wamezoea kuanza na ngoma, mashairi, vinyago na magofu ya pwani, nasi hatuna ugomvi nao, kwani hayo yote ni mali yetu. Lakini vipo vyombo vidogo vilivyoingia katika maisha ya wananchi kimya kimya, vikapewa majina ya Kiswahili na kupata mafundi wao, na ni wachache mno walioona haja ya kuviandikia hata ukurasa mmoja. Kimojawapo ni madigadi ya baiskeli: yale mabati mawili yaliyopindwa mfano wa upinde, moja juu ya gurudumu la mbele na jingine juu ya gurudumu la nyuma, yanayozuia maji na tope yasimrukie mpandaji. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mabati hayo, yakichunguzwa vizuri, yanatupa habari za mji wa Dar es Salaam ambazo hazionekani katika ramani zake: nani aliishi kwenye tope, nani aliishi kwenye lami, na yule wa kwenye tope alifanya nini ili afike kwa yule wa kwenye lami akiwa msafi.

Njia tuliyoichagua ni fupi. Inatoka Kariakoo, inapita Mnazi Mmoja, inashuka katikati ya mji mpaka Kivukoni na Magogoni, penye Ikulu, soko la samaki na kivuko cha kwenda Kigamboni. Haizidi kilomita tatu hivi. Siku ya kiangazi mpandaji huimaliza kwa robo saa, shati likiwa limelowa jasho tu. Siku ya masika hiyo ni safari nyingine kabisa.

Dar es Salaam hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake huanguka katika masika, tangu Machi hadi Mei, mwezi wa Aprili ukiwa ndio mzito kuliko yote. Vuli hufuata mwishoni mwa mwaka, nayo si haba. Kariakoo imekaa mahali pa chini, baina ya bonde la Msimbazi upande wa Jangwani na hori la bahari upande wa Gerezani, hivyo maji yake hayana haraka ya kuondoka. Hutuama. Juu pana mchanga, na mchanga uliolowa hurushwa na gurudumu kama mpunga unaopepetwa. Mabondeni pana udongo wa mfinyanzi, nao haurushwi bali hunata. Haya ni matope mawili yenye tabia mbili, na fundi mwenye akili huyatengenezea madigadi kwa namna mbili, kama tutakavyoona.

Kwanza tukumbuke jinsi mji ulivyogawanywa. Wajerumani walipoufanya mji huu makao makuu ya koloni lao mwaka 1891 walitunga sheria ya ujenzi iliyoainisha sehemu za mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa humo. Sheria haikuwa na haja ya kutaja rangi ya mtu, maana aliyeweza kujenga nyumba ya mawe ya namna ya Kizungu alijulikana. Waingereza walioutwaa mji Septemba 1916 waliukaza mgawanyo huo, ukawa ule ambao wazee wetu waliujua kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini paliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya miguu ya watu, kwani limetokana na jeshi la wapagazi, Carrier Corps, ambalo watu wake waliwekwa hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waliobeba mizigo ya vita kwa vichwa vyao waliuachia mtaa jina, na mtaa ukaendelea kuwa wa wabebaji mpaka leo.

Mgawanyo wa nyumba ulikuwa pia mgawanyo wa barabara. Lami na mifereji ilitangulia kule bandarini, penye ofisi, na kule walikoishi wakubwa. Uswahilini mitaa ilipimwa ikanyooka vizuri kama mistari ya daftari, lakini kwa miaka mingi ilibaki ya mchanga. Kwa hiyo mfanyakazi wa Kiafrika aliyelala Kariakoo au Ilala na kufanya kazi Kivukoni aliianza siku katika mji mmoja na kuingia kazini katika mji mwingine, na mpaka wa miji hiyo miwili ulikuwa ukionekana kwenye suruali yake.

Jambo hili tunaomba lisichukuliwe kuwa dogo. Tarishi aliyepeleka barua kutoka ofisi hadi ofisi alivaa sare ya kaki iliyopigwa pasi. Karani alivaa shati jeupe. Mtumishi wa nyumbani alivaa kanzu nyeupe. Mkoloni aliyeamua mtaa gani upate lami na mtaa gani ungoje ndiye yule yule aliyetazama tone la tope kwenye mkunjo wa suruali na kulihesabu kuwa ni uchafu wa mtu, wala si upungufu wa barabara. Tope lilikuwa kama anwani iliyoandikwa mgongoni: lilisema mtu anatoka wapi kabla hajafungua kinywa. Wengine walivua viatu na kuvitundika kwenye usukani, wakakunja suruali hadi magotini, kisha wakanawa miguu kwenye bomba la karibu na kazini na kuvaa upya. Aliyekuwa na baiskeli yenye madigadi mazima alijiona ana bahati, na kweli alikuwa nayo.

Baiskeli zenyewe zilitoka Uingereza, nyingi zikiwa za Raleigh ya mji wa Nottingham: nyeusi, nzito, zenye magurudumu makubwa, breki za fito, na nyingine zenye kasha la chuma la kufunika mnyororo. Kununua moja kulihitaji mtu ajinyime kwa muda mrefu, na ndiyo sababu baiskeli ilirithiwa, iliwekwa rehani, na hata ilitajwa katika mahari. Ilikuja na madigadi yake kamili kwa kuwa Uingereza nako kuna mvua. Neno lenyewe tulilipokea kutoka kwa wenye baiskeli, tukalilainisha kwa irabu zetu; na kwa kuwa lilianza kwa sauti ya *ma*, lilitua katika ngeli ya wingi kama kwamba limezaliwa humo. Wanafunzi wa lugha watalipenda jambo hilo, lakini tusipoteze njia.

Tofauti ilikuwa katika mvua yenyewe. Madigadi yale yalitengenezwa kwa ajili ya manyunyu na barabara ngumu. Mvua ya Kariakoo huja kama ndoo iliyomwagwa, na baada ya kukatika, dimbwi hubaki kwa siku nyingi. Ndipo mafundi wetu walipoingia.

Tulimtembelea fundi mmoja mkongwe anayefanya kazi barazani Kariakoo, chini ya kipande cha turubai, mbele yake pana karai la maji ya kutafutia matundu ya mpira. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kutukaribisha, akauliza baiskeli imefanya nini. Tulipomweleza kwamba haikufanya lolote, ila tumekuja kutafuta habari za madigadi, alicheka. “Madigadi hayana habari,” alisema. “Habari anazo anayeyakosa.” Kisha alitueleza kwa muda usiopungua saa nzima.

Gurudumu, alisema, halirushi maji popote tu. Maji hupanda na tairi, na yakifika mahali fulani huchomoka na kwenda mbele kwa kufuata mwendo wa tairi. Gurudumu la nyuma lisilofunikwa humchora mpandaji mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni. La mbele ni baya zaidi, ingawa watu huliogopa kidogo: mwendo ukikaza humrushia tope usoni, na sehemu yake ya chini hutupa maji na mchanga kwenye miguu, kwenye mnyororo, na kwenye gololi za mhimili wa pedeli. Mchanga ukichanganyika na grisi huwa kama msasa, husaga chuma mchana kutwa, na mwenye baiskeli hajui mpaka pedeli zianze kulia. Kwa hiyo madigadi ya mbele hayalindi nguo tu. Yanalinda uhai wa chombo.

Kasoro ya madigadi ya kiwandani ni kwamba ya mbele huishia juu mno. Fundi hukata kipande cha mpira wa ndani wa gari au tairi lililochakaa, akakipa umbo la ulimi, akakifunga kwa nati mbili kwenye ncha ya chini ya bati, ulimi ukashuka mpaka karibu kugusa ardhi. Kipande hicho cha raba kina thamani ndogo sana, na kazi yake ni kubwa kuliko ya bati lote. Alitwambia pia kwamba kila nati inayokaza madigadi iwekewe kipande cha mpira chini yake, maana bati linalogusana na chuma kitupu hutikisika, hulia, na mwisho hupasuka kwenye tundu. Tulimwuliza nafasi kati ya tairi na bati iwe kiasi gani. Akatuonyesha kwa mkono: kidole kimoja kwa mtu wa mjini anayepita kwenye lami na mchanga, vidole viwili kwa anayetoka mabondeni. “Ukibana kwa mtu wa mfinyanzi,” alisema, “tope litageuka breki. Atasukuma baiskeli hadi kazini.” Ndiyo sababu wakulima wengi wa bara huyavua madigadi kabisa wakati wa masika, jambo ambalo mtu wa mjini huliona ni ushamba, kumbe ni elimu ya udongo.

Yapo pia mambo ya hatari. Fito nyembamba za chuma zinazoshikilia madigadi ya mbele zikilegea na kijiti kikanaswa, bati hukunjika chini ya uma, gurudumu husimama ghafula, na mpandaji huruka kichwa mbele. Breki nazo hupungua nguvu: rimu ya chuma ikilowa, vipande vya mpira huteleza juu yake, na aliyezoea kusimama kwa hatua tano huhitaji kumi na tano. Dinamo ya taa inayosuguliwa na tairi huteleza vilevile, taa ikafifia jioni ile ile ambayo giza la mawingu limewahi. Waendao na mvua hujua kubana breki mapema na kwa vipindi ili kuikausha rimu, wala hawakati kona kwa kasi juu ya mfuniko wa chuma wa mtaro.

Kwa upande wa Magogoni kuna adui mwingine, naye ni chumvi. Wachuuzi wa samaki hufika sokoni Feri alfajiri, hufunga tenga kwenye keria, na kuondoka kuelekea Buguruni, Temeke, Magomeni na kwingineko. Maji ya samaki hudondoka juu ya madigadi ya nyuma, na humo hukutana na tope. Bati ambalo kwa tarishi lingedumu miaka kumi, kwa mchuuzi wa samaki huoza kwa misimu michache, likianza kuota kutu kwa ndani ambako jicho halifiki. Wavukao na pantoni kutoka Kigamboni, wakiwa na nazi, maziwa au mboga, nao hupepewa na upepo wa chumvi kila siku. Wenye busara huosha kwa maji baridi kila jioni na kupaka upande wa ndani oili chafu iliyomwagwa na magari. Oili hiyo huharibu nguo ikigusa, lakini kutu huiogopa.

Baada ya Uhuru wa 1961 mji ulipanuka haraka kuliko usafiri wake. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974, na wote waliosubiri mabasi yake miaka ile wanajua kwa nini baiskeli haikuachwa. Katika jitihada za kujitegemea nchi ilipata kiwanda chake cha baiskeli, NABICO, na baiskeli yake ilipewa jina la Swala. Jina lilikuwa zuri, kwa kuwa swala ni mnyama wetu na ana mbio. Watu waliilalamikia Swala kwa uzito na kwa mambo mengine, lakini sisi tunaona ilistahili heshima zaidi ya hiyo iliyopewa: ilikuwa baiskeli ya kwanza ambayo mwananchi aliweza kusema imetoka kwao.

Kisha zikaja taabu za mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Mafuta yalipanda bei, vita vya Kagera vilikula hazina, fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri vikapotea madukani. Tairi lililochanika lilishonwa kwa uzi wa nailoni. Madigadi yaliyooza yalitengenezwa upya na mafundi bati wa Gerezani, wale wale watengenezao majiko na vibatari, kwa kukata bati la debe na kulipinda kwa nyundo juu ya kipande cha bomba. Hayakung'aa. Mengine yalibaki na maandishi ya kampuni ya mafuta ya kupikia, hivyo mtu alipita mtaani akitangaza bidhaa ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuipata dukani. Watu walicheka, lakini waliofika kazini wakavu walikuwa ni wao.

Tangazo hilo la bahati mbaya linatukumbusha matangazo ya hiari. Kama khanga isivyokamilika bila jina lake, vivyo hivyo ulimi wa raba wa madigadi ya nyuma ulionekana kuwa mtupu usipoandikwa kitu. Mwandishi wa vibao aliandika kwa rangi nyeupe au nyekundu maneno ya mwenye baiskeli: Mungu Akipenda, Ya Dunia Mengi, Polepole Ndio Mwendo, au jina la mtoto wa kwanza. Wakati wa masika maneno hayo hufunikwa na tope, na husomeka tena baada ya kuoshwa. Fasihi hii ya mitaani imehamia kwenye malori na daladala, ikapata wasomaji wengi zaidi, lakini shule yake mojawapo ilikuwa ni kipande hiki cha mpira chenye upana wa kiganja.

Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, baiskeli za Phoenix kutoka China na Avon kutoka India zilijaa Kariakoo, zikiwa bado na madigadi kamili, keria na kengele. Baadaye zilikuja za mitumba, na pamoja nazo zile za matairi mapana yenye meno, zilizobuniwa kwa ajili ya michezo ya milimani huko Marekani. Hizo hazina madigadi, maana mtengenezaji alimfikiria mtu anayepanda kwa kujifurahisha, akirudi nyumbani ana maji ya moto na nguo nyingine. Fundi wa Kariakoo ilimbidi abuni upya: hukata ubavu wa dumu la plastiki la lita ishirini, hulipasha moto kidogo lipinde, hulifunga kwenye fremu kwa waya au vipande vya mpira. Plastiki haioti kutu, na wachuuzi wa samaki wameipenda kwa sababu hiyo. Tandiko nalo lilikuwa likivalishwa mfuko wa rambo lisilowe. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 wengi hutumia kipande cha kiroba.

Mji wenyewe umepata lami nyingi, na hilo hatulikatai. Hata hivyo, lami bila mfereji ni kitanda cha dimbwi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 mjini, na bonde la Msimbazi liligeuka ziwa. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imepata njia za kando kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli, lakini pale Jangwani maji yameifunga barabara mara kwa mara, mabasi na baiskeli pamoja. Umoja wa waendesha baiskeli, UWABA, umekuwa ukidai njia salama za baiskeli mjini. Kwetu sisi dai hilo ni mwendelezo wa kisa kile kile cha tarishi: anayepita dimbwini akipitwa na gari humwagiwa maji kutoka ubavuni, na huko hakuna madigadi yawezayo kumlinda. Madigadi huzuia tope la gurudumu lako mwenyewe. La gurudumu la mwenzako huzuiwa na barabara iliyotengenezwa vizuri, na mwenzako mwenye adabu.

Tulipoagana na fundi wetu mvua ilikuwa imekatika. Kijana mmoja alisimamisha baiskeli mbele ya baraza, ametoka Feri, tenga likiwa tupu, na suruali yake kavu hadi kwenye kifundo cha mguu. Alilalamika kwamba gurudumu la nyuma ni zito. Fundi hakugusa spana. Aliipindua baiskeli, akachukua njiti ya zamani ya gurudumu, akaipitisha kati ya tairi na bati, akatoa tope la mfinyanzi lililokauka, kipande baada ya kipande, na magamba ya samaki yakiwa yameshikana humo. Alimwaga kopo mbili za maji, akazungusha gurudumu, likazunguka muda mrefu bila kugusa. Kijana aliuliza bei. Fundi alimwambia aende, ila kesho asipite Jangwani.